Kwa Lamara, Kuhusu Ule Mfuko wa Mwani

Lamara, mfuko ulifika salama. Dereva wa posta
aliushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa,
akasema: ndugu zako wa Batumi wamekutumia bahari.
Nikamjibu, ndiyo, na imechelewa.
Huku kwetu mlimani theluji iliyeyuka na kuyachukua
madini joto yote, karne hadi karne,
na shingo za bibi zetu zikavimba kwa kuyatafuta.

Unamkumbuka shangazi Pirimze.
Rovu lake alilifunika kwa kitambaa cheusi, kiangazi na kipupwe,
hata siku ya harusi alipigwa picha nacho.
Sisi watoto tulidhani amemeza yai
na anaona haya kulitema.

Langu halikuvimba.
Lilihamia kimyakimya, kama mpangaji asiyelipa kodi.
Nikavaa soksi mbili, kisha tatu, mwezi wa Julai.
Nywele zikabaki kwenye kitana kama nyasi kwenye reki.
Unaijua kazi yangu: kutwanga chumvi kwa vitunguu saumu,
giligilani, uwatu, pilipili.
Siku moja nikasinzia mchi ukiwa hewani.
Alama ya goti ninayo.

Geno akasema ni uvivu.
Daktari Guliko akasema ni tezi,
akanipa kidonge kidogo kuliko punje ya mtama:
alfajiri, tumbo tupu, maji matupu,
na chai isubiri saa nzima.

Lakini mgonjwa hana mlango, Lamara,
kila mtu huingia na dawa yake.
Natela akaleta jozi, saba kila asubuhi, zisizidi, zisipungue.
Mke wa padri, mafuta ya ini la samaki.
Mwanangu kutoka Tbilisi: njugu za Brazili, mama,
zina seleni, ila mbili tu kwa siku, umesikia?
Na wewe, mwani.
Madini joto! Jina lenyewe lilinilaghai.
Mwenye baridi akisikia joto
haulizi kipimo.
Uliandika kijiko kimoja. Nikala vitatu.

Wiki mbili nilikuwa malkia. Nikafua zulia la sebuleni,
nikagombana na ng'ombe.
Wiki ya sita baridi ikarudi na ukoo wake mzima,
uso ukaumuka kama unga wa jana,
nikasahau jina la mbwa.

Guliko akaumwaga mfuko wako mezani,
akavaa miwani, akaiondoa.
Akasema: Pirimze alikuwa na njaa ya madini. Wewe huna.
Mwili wako mwenyewe unaipiga tezi yako,
na wewe unaugawia fimbo.
Halafu akauliza kuhusu vidonge vya chuma nilivyonunua sokoni,
navimeza lini?
Pamoja na kile cha alfajiri, nikasema, mkupuo mmoja,
tunaokoa maji.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Vinagombania mlango, Mzevinar. Vitenganishe kwa saa nne.

Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua.
Mimi sikuficha maradhi, nilificha dawa.
Nilimficha daktari kabati zima.

Basi sasa kabati ni jeupe.
Njugu mbili zimebaki, kwa ruhusa:
hazitakuponya, alisema, wala hazitakuua.
Jozi za Natela nala kwa sababu ni tamu, wala sizihesabu.
Mwani wako niliuchimbia shambani.
Viazi havikulalamika.

Na kuna ile saa moja, kati ya kidonge na chai,
ambayo zamani niliichukia.
Birika linanung'unika, siruhusiwi kuligusa.
Geno huamka, hasemi kitu,
huchukua soksi zangu na kuzitandika juu ya jiko.
Hajawahi kuliondoa lile neno, uvivu.
Anazigeuza soksi tu, upande huu, upande ule,
kama mikate.

Usitume dawa tena, binamu.
Tuma chenza, zimefungwa kwa gazeti kama zamani.
Au njoo mwenyewe tukivuna,
tujue viazi vya Latali
vimejifunza nini kuhusu bahari.